Wodi Isiyo na Tundu

Wanaosema serikali yetu haiwajali akina mama hawajawahi kupitisha kiganja juu ya kaunta ya Wodi ya Wazazi. Mimi nimepitisha. Kiganja kinaanzia mlangoni, kinapita mbele ya meza ya wauguzi, kinapanda ukutani, kinashuka kwenye beseni la kunawia na kutokea upande wa pili, na katika safari yote hiyo hakikutani na ufa, wala kiungo, wala alama ya msumari. Siku nilipopitisha cha kwangu hakikukutana na maji pia, lakini hilo nitalieleza kwa utaratibu wake. Mimi ni karani, na nimezoea kueleza mambo kwa utaratibu wake.

Nilikuwa katibu wa Kamati ya Taifa ya Nyuso Laini. Kila lililosemwa nililiandika, na kila nililoliandika lilithibitishwa kuwa ndilo lililosemwa. Jina la nchi yetu sitalitaja, kwa sababu ninapoandika haya liko kamatini likifanyiwa marekebisho.

Mambo yalianza kwa jino. Mkuu wa Nchi aliumwa jino la nyuma, na kwa kuwa tunazo hospitali kumi na tisa, alipelekwa nje. Huko, akiwa amelazwa kwenye kiti cha daktari mdomo wazi, hana la kusema kwa mara ya kwanza tangu achaguliwe, alipata nafasi ya kutazama. Akaona kaunta nyeupe iliyopinda kutoka ukutani hadi sakafuni kama shuka lililoanikwa. Ganzi ilipomtoka akauliza ni jiwe gani lile. Wakamwambia si jiwe la kuchimbwa. Ni marumaru ya akriliki, unga wa madini unaochanganywa na plastiki kiwandani na kumiminwa kuwa mabamba. Halina vinyweleo, halinywi damu wala dawa, na likiungwa na fundi anayejua, kiungo hakionekani. Kwa hiyo vijidudu havina pa kujificha.

Yote hayo ni kweli. Nasisitiza kwa sababu baadaye yalisemwa maneno mabaya juu ya marumaru yenyewe, na marumaru yenyewe hayakuwa na kosa lolote.

Mkuu wa Nchi alirudi na jino jipya na sera mpya. Pale pale uwanja wa ndege alitangaza: "Ndugu wananchi, adui wa taifa hili nimemwona kwa macho yangu. Anakaa kwenye viungo! Na mimi nasema, tutamfukuza kwenye viungo vyote!" Umati ukapiga makofi. Wazee wenye maumivu ya magoti walidhani wameletewa dawa, wakapiga makofi kuliko wote.

Siku hiyo hiyo Wizara ya Afya ilibadilishwa jina, ikawa Wizara ya Afya na Mng'ao.

*

Mtu aliyeijua kazi hiyo katika nchi nzima alikuwa mmoja. Aliitwa Ngwale Litunda. Alikuwa amefanya kazi miaka tisa kwenye mahoteli ya nchi za mbali, akarudi kumuuguza mama yake, mama akafa, naye akabaki. Alikuwa na karakana nyuma ya soko la mitumba, akitengeneza kaunta za saluni na za baa. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, kope zake nyeupe kwa vumbi la msasa, utadhani amezeeka macho peke yake.

Waziri wetu, Mheshimiwa Mtepa, alimfuata mwenyewe kwa magari saba. Mimi nilikuwa kwenye la sita.

"Wewe ndiye unayeunga bila kiungo?" Waziri aliuliza.

"Kiungo kipo, mheshimiwa. Ila hakionekani."

"Sasa tofauti yake nini?"

Fundi Ngwale akafikiri. "Kwa anayetazama, hakuna tofauti. Kwa aliyeunga, ipo."

Waziri hakulipenda jibu hilo, akataka aonyeshwe. Fundi akachukua vipande viwili vya bamba jeupe, akavipaka gundi ya rangi ile ile, akavibana kwa vibanio, tukasubiri ikauke. Waziri alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kutandikwa gazeti la chama, upande usio na picha. Kisha ukaja msasa mkavu, ukaja msasa laini, kikaja kitambaa. Waziri akapitisha ukucha pale palipoungwa. Akapitisha tena. Akavua miwani akajifuta macho.

"Hivi ndivyo tunavyotaka nchi iwe," alisema. "Mtu asijue ilipokatikia."

Niliandika. Leo hayo ndiyo maneno yaliyo chini ya nembo ya Wizara.

*

Wodi ya Wazazi ya Hospitali Kuu ilichaguliwa kuwa ya kwanza kwa sababu ina madirisha makubwa yanayofaa kwa kupiga picha. Mkunga mkuu wa wodi hiyo alikuwa Bi Stumai Mwekwa. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja ya kazi pale pale, mikono yake imechubuka kwa sabuni, na sauti ambayo hata madaktari wakubwa waliisikia wakasimama. Mwanzoni hakumpenda fundi. Alimfuata nyuma wodi nzima kama askari anayemfuata mwizi.

"Mdogo wangu," alimwambia, "mimi urembo sina ugomvi nao. Niambie tu nitanawa wapi."

"Hapa, dada." Fundi akachora kwa penseli ukutani. "Beseni litatokana na kaunta yenyewe. Nitalipasha bamba moto kwenye tanuri mpaka lilegee, halafu nilipinde. Hakutakuwa na kona ya uchafu kutuama. Unapangusa mara moja, basi."

"Koki ngapi?"

"Unataka ngapi?"

Bi Stumai alivuta kiti akakaa. Baadaye aliniambia kwamba katika miaka thelathini na mmoja hakuna aliyewahi kumuuliza anataka nini.

"Tatu," alisema. "Mbili za kunawa, moja ya kuoshea vifaa. Na hiyo ya vifaa iwe ya kufungua kwa kiwiko, nisiguse kwa mikono michafu."

"Zote tatu zitakuwa za kiwiko."

Walifanya kazi pamoja miezi miwili. Yeye alimlazimisha fundi avae barakoa, maana aliona anakula vumbi. Fundi alimwonya asitue sufuria ya kuchemshia vifaa juu ya kaunta ikiwa ya moto, kwa sababu marumaru hayo yanaungua, kisha akamtengenezea kigoda cha chuma cha kuitulia. Siku kazi ilipoisha, Bi Stumai alikunja mikono ya gauni, akasukuma koki kwa kiwiko, akanawa mpaka kwenye mabega. Akacheka peke yake.

"Fundi, jamani! Hata mimi natamani kuzaa tena."

Wauguzi wakapanga foleni kunawa, hata waliokuwa wanatoka kunawa.

*

Kamati ilikuja kukagua siku tano kabla ya uzinduzi. Waziri mwenyewe, akiwa mwenyekiti, alianzia mlangoni na kiganja chake kikiwa bapa juu ya kaunta, sisi tukimfuata kwa vyeo. Alitembea vizuri hatua sita. Kwenye hatua ya saba kiganja kikagonga kitu.

"Hiki ni nini?"

"Koki, mheshimiwa," fundi alijibu.

"Imetokea wapi?"

"Ndani ya ukuta."

"Kwa njia gani?"

"Kwa tundu."

Katika kumbukumbu za kikao nimeandika: *Kamati ilishtuka.*

"Nawauliza wajumbe," Waziri alisema akigeuka taratibu, "tundu ni nini, kama si kiungo kilichoachwa wazi? Siku ya Alhamisi Mkuu wa Nchi atapitisha kiganja chake kitukufu kutoka mlango huu hadi dirisha lile, taifa likitazama. Ratiba imeshachapwa. Saa nne na dakika kumi: Kiganja. Mnataka kikwame?"

Wajumbe hawakutaka kikwame.

"Mheshimiwa," Bi Stumai alisema, "hapo watu wananawa."

"Mama yangu, uso huu haushiki vijidudu. Imeandikwa. Sasa mnanawa nini?"

"Uso haushiki. Mikono inashika."

"Basi tatizo liko kwenye mikono yenu, si kwenye uso."

Niliona ni hoja nzito, nikaipigia mstari. Kura zikapigwa: saba waliunga mkono matundu yazibwe, hakuna aliyepinga. Bi Stumai hakuwa mjumbe.

Fundi Ngwale alisema hazibi. Alisema kwa sauti ndogo, lakini alisema. Waziri hakukasirika hata kidogo. Alimshika bega akamweleza kama mwanawe kwamba ni kwa ajili ya sherehe tu, na Ijumaa asubuhi atafungua tena. Alimkumbusha pia kwamba kiwanja cha karakana yake kule nyuma ya soko bado hakijaamuliwa ni cha matumizi gani.

"Naomba iandikwe, mheshimiwa," fundi alisema.

"Neno langu unalitaka kwa maandishi? Haya. Katibu, andika kwamba nimetoa neno."

Nikaandika: *Waziri alitoa neno.* Ni neno gani sikuandika, kwa sababu sikuagizwa.

Jumanne fundi alifunga maji kwenye valvu iliyo nyuma ya ukuta, akang'oa koki, akachonga vizibo vitatu kutoka kwenye mabaki ya bamba lile lile, akavitia gundi, akapiga msasa. Bi Stumai alisimama pembeni amekunja mikono. Kizibo cha tatu kilipomalizika, alipitisha vidole juu yake huku na huku akitafuta.

"Umeziba vizuri," alisema.

"Ijumaa nafungua, dada."

"Nimesikia."

*

Uzinduzi ulifana. Wagonjwa walihamishiwa ghalani kwa muda, na vitandani wakalazwa makarani wa kike wa Wizara wenye mimba za kuridhisha. Mkuu wa Nchi alihutubia saa moja na nusu. "Nchi zilizotutangulia," alisema, "zilianza na chuma, zikaja mashine, zikafika mwezini. Sisi tumeamua kuanza na ulaini!" Kisha saa nne na dakika kumi akaweka kiganja mlangoni akakipeleka hadi dirishani. Kilichukua sekunde ishirini na mbili. Televisheni ya Taifa ilikirudia hadi taarifa ya habari ya jioni, na hata taarifa yenyewe ilikuwa hiyo.

Ijumaa asubuhi fundi alifika na drili yake. Mlinzi akamzuia. Usiku wa kuamkia siku hiyo Bunge lilikuwa limepitisha Sheria ya Kulinda Nyuso za Taifa: ni marufuku kwa mtu yeyote kutoboa, kukwaruza au kuegemea.

Fundi akaja Wizarani. Akapewa fomu ya kuomba ukarabati wa koki. Fomu ilitaka namba ya koki katika daftari la mali. Mtunza mali alifungua daftari akalipitia kwa kidole, ukurasa hadi ukurasa, kwa uvumilivu mkubwa. Mali za wodi ziliorodheshwa siku ya Alhamisi, na siku ya Alhamisi wodi haikuwa na koki.

"Ndugu yangu, siwezi kukupa kibali cha kufungua koki ambayo haipo," alimwambia. "Ningekuwa nakudanganya."

Fundi akanigeukia mimi. "Katibu, si ulikuwepo? Si uliandika?"

Nikaleta kumbukumbu nikasoma kwa sauti: *Waziri alitoa neno.*

"Neno gani?" mtunza mali aliuliza.

Nikasema halikurekodiwa. Fundi Ngwale alinitazama. Nimelifikiria mara kwa mara jicho lile, na bado sijafikia uamuzi.

Alirudi Jumatatu iliyofuata, na Jumatatu nyingine, na nyingine. Kila mara alipewa fomu, na kila mara aliijaza.

*

Wodini, wauguzi walianza kuchota maji kwa ndoo kutoka kwenye tangi la uani, hatua sitini kwenda na sitini kurudi. Wiki ya pili ikaja barua kwamba ndoo zinaacha duara juu ya kaunta, zikahamishiwa sakafuni. Kisha ikaja barua kwamba zinaonekana kwenye picha, zikahamishiwa barazani. Chupa za spiriti ziliondolewa kwa sababu hiyo hiyo. Wageni walikuwa wengi. Mabalozi, wakuu wa mikoa, wanafunzi bora, wote waliletwa kupitisha viganja. Walipitisha huku mama anasukuma mtoto hatua tatu kutoka hapo, na wengine walikuwa waungwana, wakamwambia pole.

Bi Stumai aliwafundisha wauguzi kuficha majagi ya maji chini ya aproni. Mmoja alikamatwa nalo akasimamishwa kazi kwa kosa la kumiliki maji eneo la kazi.

Wa kwanza kufa alikuwa mwanamke mwenye mtoto wake wa nne. Alijifungua salama, siku ya pili akashikwa na homa, siku ya tatu akawa anaongea na watu wasiokuwepo, siku ya nne kitanda kikawa wazi. Wiki hiyo hiyo wakafuata wawili. Bi Stumai alijua ni nini. Mkunga yeyote anajua. Aliandika barua, na Wizara ikajibu haraka kuliko ilivyowahi kujibu barua yoyote: wataalamu watatu walitumwa kupima kaunta. Waliipima siku mbili kwa pamba na vichupa. Taarifa yao ilisomwa redioni: *Kaunta imekutwa salama kabisa na afya yake inaendelea vizuri.* Wananchi tulipumua.

Kwenye vyeti vya vifo iliwekwa sababu moja kwa wote: homa ya kutozoea usasa.

Bi Stumai aliyaandika majina ya waliokufa kwenye daftari la shule, na siku walizoingia, na watoto waliowaacha. Wizara ililichukua daftari hilo ili lihifadhiwe mahali salama. Naweza kuthibitisha kwamba liko salama. Mimi ndiye niliyelihifadhi.

*

Siku moja mchana, jua kali, Bi Stumai alikwenda kwenye karakana nyuma ya soko akiwa na sare yake ya kazi. Fundi alizima mashine ya msasa. Mkunga alibaki amesimama.

"Leo wametimia kumi na mmoja," alisema.

"Jumatatu nilikwenda tena, dada. Waliniambia—"

"Najua ulikokwenda. Mimi nakwambia nilikotoka."

Fundi akainamisha kichwa. Vumbi jeupe lilimdondoka kutoka nyweleni.

"Sikuja kukulaumu," Bi Stumai alisema. "Lawama zako ninazo, nitakupa siku nyingine nikipata nafasi. Nimekuja kukuuliza jambo moja tu. Unakumbuka yalipo?"

"Matundu?"

"Matundu."

"Nakumbuka."

"Mimi nimeyatafuta kwa vidole mpaka kucha zikakatika, sikuyaona. Una hakika?"

"Dada, mimi nikiingia mle ndani sioni kitu kingine."

Walikwenda kwa miguu. Fundi hakuificha drili. Aliibeba begani kama jembe. Mlangoni mlinzi alinyoosha mkono kuwazuia. Alikuwa kijana mpya, kofia yake kubwa kuliko kichwa.

"Mama, hicho chombo hakiruhusiwi."

"Mke wako yuko mwezi wa ngapi?" Bi Stumai alimuuliza.

"Wa nane, mama."

"Atazalia wapi?"

Mlinzi aliinua macho akaanza kutazama dari. Aliitazama dari hiyo kwa bidii mpaka wakapita, na walipokwisha kupita aliendelea kuitazama.

Nilikuwepo siku hiyo nikiongoza wageni wa kutoka Wizara ya Mipaka. Nilimwona fundi akiweka kiganja juu ya kaunta, amefumba macho, akakisogeza kidogo kushoto, akasimama. Akaweka ncha ya drili katikati ya vidole viwili. Sauti ilikuwa kubwa. Wanawake waliinuka vitandani. Wageni wangu walidhani ni sehemu ya maonyesho, wakapiga picha. Vumbi jeupe lilitoka, kizibo cha kwanza kikaanguka ndani, kisha cha pili, kisha cha tatu. Yote matatu aliyapata kwa mara ya kwanza, hakukosea hata upana wa unywele. Akazunguka nyuma ya ukuta akafungua valvu.

Mabomba yalikohoa. Yakatema maji ya kutu, mekundu, yakachafua kaunta yote mpaka chini. Nakiri nilipiga kelele. Kisha maji yakawa meupe.

Bi Stumai akanawa. Hakucheka safari hii. Alinawa polepole, kidole kwa kidole, akamgeukia muuguzi aliyekuwa karibu. "Njoo unawe. Haraka, halafu yule wa kitanda cha tisa, anza naye." Mama mmoja aliyejifungua jana yake aliteremka kitandani, akajikongoja mpaka kwenye beseni, akanawa uso na shingo, akabaki pale ameinama maji yakimtiririka, hakuna aliyemwondoa.

Polisi walipokuja walimkuta fundi amepiga magoti anapangusa vumbi kwa kitambaa kibichi, ili wauguzi wasiteleze.

*

Shtaka lilikuwa kulitoboa Taifa mara tatu. Hakimu alimpa fundi nafasi ya kujitetea, kwa kuwa sheria yetu inatoa nafasi hiyo na haisemi itumikeje.

"Niliziba, halafu nikatoboa," Fundi Ngwale alisema. "Kosa langu ni lile la kwanza."

"La kwanza haliko mbele ya mahakama hii," hakimu alisema. "Unajuta?"

"Najuta, mheshimiwa."

Mahakama ilifurahi. Mwendesha mashtaka hata alitabasamu.

"Najuta siku zote zile za katikati," fundi alimalizia.

Akapewa miaka saba. Bi Stumai alistaafishwa kwa manufaa ya umma, akarudi kwao mpakani, na nimesikia wanawake wa huko wanamfuata nyumbani kuzalishwa, jambo ambalo bila shaka ni kinyume cha taratibu.

Wizara ilipata taabu kuziba matundu. Waliletwa mafundi watatu. Kila mmoja aliacha doa kama jino lililozibwa. Fundi akafuatwa gerezani akaambiwa: ziba, utoke kesho. Alikataa. Akaongezewa: ziba, na karakana ni yako milele. Alikataa pia, na tangu hapo akaacha kuitikia akiitwa kwa ajili ya jambo hilo.

Hapo ndipo Waziri Mtepa alipoonyesha upeo wake. Alitangaza Mradi wa Kihistoria wa Maji Ndani ya Wodi. Koki zikafungwa kwenye matundu yale yale, zikafunikwa utepe, na Mkuu wa Nchi akaja kunawa mikono mbele ya taifa. Kabla ya mwaka kwisha, takwimu zikaonyesha vifo vya wazazi vimepungua mno, na Waziri akavishwa nishani. Kuna mtu mmoja bungeni aliyeuliza kama basi yule fundi angeachiwa. Akaelimishwa kwamba matundu ya mradi ni matundu ya Serikali, ilhali matundu ya fundi ni matundu ya fundi, na kwamba kukaa kwake mahali pamoja na yale mengine ni sadfa.

*

Mimi nilipandishwa cheo. Sasa ni msajili wa wageni katika gereza kuu, na kwa kuwa Fundi Ngwale ameorodheshwa kama mtaalamu adimu wa Taifa, natakiwa kuwepo kila anapotembelewa. Si kazi ngumu. Katika mwaka wa kwanza alikuja mtu mmoja tu.

Alikuwa mwanamume wa makamo, shati jeupe limepigwa pasi, na mkononi amebeba mtoto wa kike wa mwaka na kitu. Alijitambulisha kuwa Athanasi Kibuta, mpima mizani katika ghala la pamba huko magharibi. Alikuwa amesafiri siku mbili. Alikaa upande wake wa wavu, fundi akakaa upande wa pili, na mimi pembeni na kalamu.

"Ni wewe uliyeziba yale maji?" aliuliza.

"Ni mimi."

"Na ni wewe uliyeyafungua?"

"Ni mimi."

"Katikati zilipita siku ngapi?"

"Arobaini na moja," Fundi Ngwale alisema. Hakuhitaji kuhesabu.

Yule bwana alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepima mzigo akakuta umelingana na hati. Alimhamishia mtoto kwenye goti la pili.

"Mke wangu aliitwa Nyamizi," alisema. "Alijifungua huyu siku ya thelathini na tano. Akafariki ya thelathini na nane."

Mtoto alikuwa ameingiza vidole kwenye wavu, akiuvuta na kuuachia, anafurahia mlio wake.

"Sikuja kukusamehe," yule bwana alisema. "Wala sikuja kukutukana. Watu waliniambia upo, na mimi nikasema nikuone."

"Ndiyo, kaka."

"Basi. Nimekuona."

Walikaa hivyo mpaka muda ukaisha. Mtoto alipokosa cha kufanya alilala. Yule bwana akasimama, akamfunika kwa kanga kuukuu ya kijani, akaja mezani kwangu kutia sahihi. Katika fomu yetu, mstari wa mwisho unataka mada ya mazungumzo. Nikamuuliza niandike nini.

"Ulikuwepo," alinijibu. "Andika ulichosikia."

Sehemu iliyoachwa wazi inatosha neno moja. Nikaandika: *Ujenzi.*